Paka wa Muyinga chini ya cherehani

Jumatatu nilipeleka suruali kwa fundi wangu hapa Gitega, nikakuta nusu ya mtaa imeinama dukani kwake. Fundi alikuwa ameletewa paka kutoka Muyinga, na kama ilivyo desturi yetu mgeni akifika, majirani walikuja kumsalimia. Mgeni mwenyewe alikuwa amejibana chini ya cherehani, masikio yamelala, huku kila mtu akimmulika kwa simu.

"Mi namuita tangu asubuhi," fundi alinilalamikia. "Iko anakataa kutoka. Hata maziwa hataki."

Mama mmoja aliyeleta gauni lipunguzwe, ambaye alikulia Tanzania, aliweka mfuko wake chini.

"Fundi, siku niliyorudi Burundi, watu wa kilima chetu wote walikuja kunipa mkono. Nilikimbilia jikoni nikalia. Wakasema nina maringo."

Simu zikazimwa moja moja. Mama akasogeza kisahani cha maziwa karibu na cherehani, akakipa mgongo, akaanza kufumua pindo la gauni lake kana kwamba hakuna paka duniani. Majirani wakatoka polepole. Baadaye tukasikia ulimi ukilamba. Hakuna aliyegeuka.

Jana nilirudi kuchukua suruali. Paka alikuwa ameilalia, amejikunja, anakoroma. Fundi akaweka kidole mdomoni.

"Pole, urudi kesho," akaninong'oneza.

Nilirudi nyumbani mikono mitupu, nikijiuliza ni wageni wangapi nimewahi kuwakimbizia jikoni kwa ukarimu wangu.