Mtoto wa dada yangu kagombea udiwani Uingereza, babu yake kamnyima radhi

Assalaam alaykum wakuu, na wale wa habari zenu, habari zenu.

Mimi ni mwanamke wa makamo, mwalimu mstaafu, naishi Ibra, Oman. Kiswahili changu ni cha nyumbani, cha Unguja ya zamani, kwa hiyo mkikuta neno la kizee humu msinicheke.

Humu huwa nasoma tu, sichangii. Ila juzi nimeona uzi wa siasa za Uingereza, watu wanatukanana kwa ajili ya vyama ambavyo hata kadi zake hawana, nikasema na mimi ninalo la kusema. Sitii chumvi. Anayeona naongopa aje Ibra nimpe kahawa, wahusika wote wako hai na wote wanapenda kusema.

Tuanze.

Dada yangu Salha aliolewa Uingereza zamani, akazaa huko binti mmoja, Raya. Raya ni mkunga. Kiswahili anakisema ingawa ngeli zinampiga chenga, na Kiarabu chake ni cha kuombea maji.

Siku moja akatupigia kutwambia kuwa anagombea udiwani kwenye kata yake. Sababu? Basi la mtaani limefutwa, na wajawazito anaowahudumia wanakuja kliniki kwa miguu matumbo juu. Kaenda kulalamika, kaona hasikilizwi, akasema basi nitaingia mwenyewe.

Kwa wasiofuatilia, siasa za huko sasa hivi ni hivi.

Kuna wekundu, walioshinda kwa kishindo na baada ya muda mfupi watu wakaanza kuwasonya. Kuna bluu, waliotawala miaka mingi mpaka wakawa wanabadilisha waziri mkuu kama betri za rimoti. Kuna machungwa na kijani, wanaookota wanaodondoka kwa wenzao. Halafu kuna chama kipya, maneno yake makubwa ni kuwa wageni wamezidi, na kila uchaguzi mdogo kinapanda.

Raya yuko kwa wekundu. Maana yake anapigwa na pande zote mbili. Waislamu wenzake wanamwambia chama chenu kimetuangusha kwa Gaza. Wazungu wengine wanamwambia rudi kwenu. Mimi binafsi, wakuu, ningekihama chama hicho asubuhi mapema. Nilimwambia. Akanijibu, "Mama mdogo, nyumba ikivuja unapanda juu unaziba. Kila mtu akihama, nani atabaki kuziba?"

Mtoto kajibu.

Tatizo halikuwa chama. Tatizo lilikuwa Baba.

Baba yangu kavuka themanini. Alikuwa kijana Unguja wakati wa vyama, na hakuwa mtazamaji, alikuwa mbeba bendera. Anasimulia mwenyewe jinsi mtaa mmoja ulivyogawanyika mpaka watu wakawa hawanunui chumvi kwenye duka la chama kingine, hawaendi kuzikana. Kura zikapigwa, upande wa Baba ukashangilia, kisha yakaja mapinduzi ya sitini na nne, na walioshinda kwa kura wakawa ndio walioshindwa. Mlango wao ulivunjwa usiku. Kaka yake alitoka na waliokuja kumchukua, na mpaka leo hatujui kaburi lake lilipo.

Alipofika Oman akapata kazi bandarini Sur, akatulea, akahamia Ibra. Neno siasa nyumbani kwetu lilikuwa kama tusi.

Hapa kwetu hakuna vyama. Mtu anagombea Majlis Shura, baraza letu la ushauri, kwa jina lake, na sisi tunapiga kura kwa simu tukiwa tumekaa kwenye mazulia yetu. Hata hiyo Baba hajawahi kupiga. Siku ya uchaguzi anazima simu yake mpaka kesho yake.

Sasa huyo ndiye ambaye Raya alitaka radhi yake. Nanyi mnajua kwetu, mtu haingii jambo kubwa bila radhi ya mzee. Raya kazaliwa Ulaya lakini kwa hilo ni mtu wetu kabisa. Aliniambia waziwazi kuwa Babu akimnyima, fomu haipeleki.

Akaja Ibra kwa sikukuu ya Idi, iliyoangukia siku chache tu kabla ya muda wa kupeleka majina kwisha huko.

Wiki ile kabla ya Idi nilimpeleka Soko la Jumatano. Asiyejua, Ibra tuna soko la wanawake watupu, wanaume hawatii mguu. Nilidhani atanunua bukhuri na vipodozi tuondoke. Bibi wee! Kachuchumaa mbele ya mwanamke mmoja anayeuza mitandio, na hicho Kiarabu chake kibovu, anamuuliza hapa panawakera nini. Yule mwanamke akacheka, kisha akaanza kusema. Wa pili akasogea, wa tatu naye akaja na kigoda chake.

Mimi nimenunua pale miaka na miaka sijawahi kuwauliza swali hilo. Niliweka mfuko wangu chini nikasikiliza. Nikasema huyu mtoto akizuiwa, itakuwa dhulma.

Siku ya Idi asubuhi akaenda kwa Baba, akambusu mkono.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, bibi. Idi mubarak."

"Babu, nimekuja kutaka radhi yako. Nataka kugombea."

Baba akasema, "Nakuombea umri, nakuombea afya, nakuombea mume mwema. Hilo jengine usiniombe, bibi. Miye nilishatoa mtu mmoja kwa siasa, khalas, inatosha."

Kisha akaomba kahawa. Raya akammiminia, akatoka. Nilimkuta jikoni anaosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Hapo ndipo anapoingia mdogo wangu Said, Mungu amhifadhi na akili zake.

Said anafanya kazi Nizwa. Ndiye anayejifanya mtaalamu wetu wa siasa za Uingereza, anafuatilia bunge lao kwenye simu kuliko anavyofuatilia watoto wake. Siku ya pili ya Idi, nyama ya shuwa bado inaiva shimoni chini ya ardhi, tunaisubiri, akaingia uani na gari limejaa halua. Halua ya Nizwa, ile nzuri, kwenye vikopo vidogo vidogo, na kila kikopo kimebandikwa karatasi nyekundu yenye picha ya Raya na jina lake.

Mpango wake? Isafirishwe Uingereza. Kila mlango atakaogonga Raya, mwenye nyumba apewe kikopo chake.

Wakuu, msimlaumu haraka. Kwetu huwezi kumwendea mtu una haja naye halafu ukaenda mikono mitupu. Said aliona anafanya jambo la maana. Na mimi nitasema kweli, nilipoviona vile vikopo nilipiga kigelegele.

Raya alipoviona aligeuka rangi.

"Uncle, hii nini?"

"Halua ya wapiga kura wako."

"Umeonyesha mtu?"

Said akachomoa simu kwa fahari. Alikuwa ameshaweka picha kwenye status tangu jana, na maneno juu yake: halua ya wapiga kura wa Raya, wale washibe, wapige kura vizuri.

Raya akakaa chini pale pale kwenye ngazi. Ikabidi atueleze. Kule ukimpa mpiga kura chakula ili akupigie kura, ni kosa la jinai. Huyo anayeshindana naye wa chama kipya ana watu wanaotafuta kitu kama hicho usiku na mchana, na picha moja tu ikiwafikia, jina lake limekwisha, pengine na kazi yake ya ukunga pia.

"Futa, uncle. Sasa hivi."

Said akafuta. Lakini katika walioona alikuwemo jirani yake Raya wa huko huko Uingereza, Mswahili mwenzetu mwenye namba ya Said, na alikuwa ameshajibu anauliza halua inafika lini.

Mimi nilisema, basi tunyamaze, nani atajua? Raya akasema hapana. Akampigia kiongozi wa chama chake pale pale uani, akamsimulia yote mwenyewe, halua, picha, status, jina la mjomba, kabla mtu mwengine hajamsemea. Akaambiwa hakuna kilichogawiwa, hakuna kosa, ila hivyo vikopo visitoke Oman. Akashukuru akakata.

Tukageuka. Baba alikuwa amesimama mlangoni na bakora yake. Amesikia yote.

"Kwa halua?" akauliza. "Unataka kufungwa kwa halua?"

"Ndiyo sheria yao, Babu."

"Hata kikopo kimoja?"

"Hata kimoja. Hata chai siwezi kumpa mtu nikimwambia nipigie kura."

Baba akaketi. Akasema enzi zao walipika pilau, wakagawa kanga, na aliyekula huku akapiga kura kule alikiona cha moto. Kisha akamgeukia Raya.

"Jee, ukishindwa?"

"Nikishindwa nimeshindwa, Babu."

"Sikuulizi hilo. Nakuuliza wanakufanya nini."

Wakuu, hapo ndipo nilipomuelewa baba yangu, na mimi ni mtu mzima mwenye wajukuu. Miaka yote nilidhani anachukia siasa. Alikuwa anaogopa kushindwa, kwa sababu kwake yeye aliyeshindwa alikujiwa usiku.

Raya naye alielewa. Alimsogelea akakaa miguuni pake. "Hawanifanyi kitu, Babu. Nampa mkono aliyeshinda. Kisha narudi nyumbani."

"Hata akiwa huyo asiyewataka?"

"Hata huyo. Na mwaka mwengine nagombea tena, mpaka achoke na mimi."

Baba alicheka kidogo. Alimwekea mkono kichwani, akamsomea dua, na machozi yakamshuka kwenye ndevu. "Nenda. Radhi yangu unayo. Lakini simu yako usiizime."

Nililia mimi, alilia Said, na Said alikuwa na la ziada la kulilia. Ile halua tuliibandua karatasi zote tukagawa mtaani, ikaliwa na kahawa mpaka ikaisha.

Raya akarudi, akapeleka jina lake. Kampeni tukaifuata kutoka Ibra. Anatuma sauti kwenye group, upepo unavuma nyuma, anasema leo nimefukuzwa na mbwa, leo bibi mmoja wa Kiingereza kanikaribisha lakini chai yake mimi ndiye niliyekunywa, kwa hiyo salama. Siku moja mtu kamfungulia mlango, kamwangalia mtandio wake, kamfungia. Kesho yake Raya karudi mtaa ule ule, akaanzia nyumba inayofuata.

Siku ya kuhesabu kura ilikuwa Ijumaa. Tulikusanyika kwa Baba baada ya alasiri, wanawake kwa wanaume, Said kaunganisha simu na televisheni.

Alishindwa wakuu.

Alishindwa na yule yule wa chama kipya, tena kwa tofauti ndogo. Ukumbi ulikuwa unapiga makelele. Raya akavuka jukwaa, akampa mkono, na yule bwana akaushika, nadhani hakuutegemea. Raya akaambiwa aseme neno. Akasema kwa Kiingereza chake kilichonyooka kuwa kata hii ni yao na ni yake pia, hatakwenda popote, na basi lile bado atalidai, sasa atalidai kwa diwani mpya.

Tulimwangalia Baba. Akaondoka kwenda kusali.

Jumamosi alfajiri nikamkuta na simu mapajani. Nikamwambia Baba huko bado usiku, mwache mtoto alale. Akasema nangoja. Alingoja mpaka jua likachomoza kwetu na likapanda, ndipo akapiga.

Hakumpa pole, wala hakuuliza kura.

"Raya. Umelala wapi jana?"

"Kwangu, Babu. Kitandani kwangu. Kuna nini?"

"Mlango wako mzima?"

"Mzima, Babu."

"Alhamdulillahi. Haya, endelea kulala."

Kisha mzee wangu akavaa kanzu yake ya Idi, akafunga kilemba, akachukua bakora, akaenda zake sabla, baraza ya mtaa wanapokaa wazee wenzake. Said alimfuata, ndiye aliyetusimulia. Wazee walikuwa wameshasikia, wakaanza kumpa pole. Baba akawakatisha.

"Msinipe pole," akasema. "Nipeni hongera. Mjukuu wangu kashindwa uchaguzi, na kalala kwake."

Basi wakuu, mimi hilo ndilo nililojifunza na ndilo ninalotembea nalo kifua mbele hapa Ibra. Sikujifunza kuwa Uingereza ni pepo. Wana yao, na hao wanaosema rudi kwenu hawajaisha, wameshinda. Nimejifunza kuwa siasa ya mahali popote usiipime kwa sherehe za aliyeshinda. Mwangalie aliyeshindwa, anaamkaje kesho yake. Na nimejifunza kuwa katika ukoo wetu ametokea mtu anayejua kushindwa huku kichwa kiko juu, na huyo ni mwanamke, na ni wetu.

Sasa zamu yenu. Mnaotukanana kwa vyama vya watu mtaendelea baadaye. Leo nawaomba kitu kimoja, kama kwenu kuna mzee aliyewahi kushindwa uchaguzi, kamuulizeni kisha mrudi muandike hapa: usiku ule alilala wapi?