Fundi Aliyepanda Hadi Source

Juzi, katika ofisi ya kupitisha mizigo hapa Bwera, kwenye mpaka wa Uganda na Kongo, seva iligoma. Mama mmoja wa Butembo, ambaye lori lake la nyanya lilikuwa limekwama mpakani juani, alimsimamia fundi kutoka Kasese, mikono kiunoni.

“Fundi, mbona inakawia?”

“Programu ya tayari iko, ningeitaka ingeingia sasa hivi,” fundi alijibu kwa maringo. “Lakini iliyofungashwa na watu wengine mimi sitaki. Najenga yangu kutoka source.”

Kwa fundi, source ni maandishi asilia ya programu. Kwa mama, aliyesoma Kifaransa, ni chemchemi. Akatazama bomba la maji uani.

“Bomba iko hapa, weye unaenda kuchota ku source?”

“Mama, ya bomba hujui wametia nini.”

“Ni kweli. Lakini nyanya yangu inaoza.”

Maandishi yakamiminika kwenye kioo cha kompyuta, kisha yakakatika kwa mstari mwekundu wa kosa. Mama akainama.

“Source imekauka?”

Fundi akaweka ile ya tayari, seva ikaamka. Lori likavuka.

Nawaheshimu wanaopanda hadi chemchemi kuchota wenyewe. Ombi langu ni wapande siku ambayo mpakani hakuna nyanya.