Majina Yaliyokuwa Kwenye Leso ya Bruda

Walisema sitafika popote. Mwenye duka wa kwetu Kanazi alisema nitaishia Biharamulo, kupakia magunia ya mkaa kwenye malori. Jirani yetu, mama mmoja mwenye ulimi wa pilipili, alisema hata nikifika huko kwa Wazungu nitarudi na suruali ileile niliyoondoka nayo, ila itakuwa fupi. Katekista, aliyepaswa kunitia moyo, alisema, "Tutaona," na wewe unajua katekista akisema tutaona anamaanisha nini.

Basi njoo uone, rafiki yangu. Nyumba ile ya bati la bluu mlimani, inayoonekana tangu barabarani, ni yangu. Sebuleni, mahali ambapo wengine huweka picha ya harusi, nimetundika stashahada yangu ya uhifadhi wa mavazi ya kale, niliyoipata Italia baada ya miaka sita ya kuosha vyombo mchana na kusoma jioni. Na katika chumba cha nyuma, kwenye makabati niliyoyatengeneza mwenyewe kwa mbao za mkaratusi, zimo nguo ambazo sidhani kama anazo mtu mwingine upande huu wa ziwa: makoti, kofia, leso za shingoni na alama za wapiganaji wa msituni wa Italia, wale vijana waliokimbilia milimani wakati wa Vita Kuu ya Pili kupigana na Wajerumani na mafashisti wa nchi yao wenyewe.

Wazee wa huko wananitumia picha kwa simu, waniulize mimi, mtoto wa Ngara, baba zao walivaa nini. Jambo la kwanza ninalowaambia ni kwamba wapiganaji wale hawakuwa na sare. Mmoja alivaa koti la adui aliyekufa, alama zimebanduliwa, nawe ukitazama kola vizuri utaona pale palipokuwa na alama pamebaki rangi mbichi kuliko kwingine. Mwingine alivaa suruali ya Kiingereza iliyodondoshwa na ndege. Nyota ya kofia ilikatwa kwenye kopo la nyama. Kilichowatambulisha ni leso ya shingoni: nyekundu kwa kundi hili, ya bluu kwa lile, ya kijani kwa jingine, na nyingi zilishonwa kwa kitambaa cha parachuti. Mtu akiniletea sare iliyokamilika, kila kifungo mahali pake, namwambia airudishe kwa aliyemuuzia. Nikiimulika kwa taa yangu ya zambarau na uzi ukang'aa, ni uzi wa kiwanda cha juzi. Hawanidanganyi. Sisemi kwa kujisifu, ingawa ningekuwa na haki.

Alhamisi moja ya mwaka huu nilipokea kifurushi kutoka kwa mzee mmoja wa kule. Alitaka nimwambie kama leso aliyoinunua ni ya kweli. Niliikunjua mezani. Ilikuwa ya kijani, nyepesi kama ganda la kitunguu, na pembeni mwake kulikuwa na majina ya watu yaliyoandikwa kwa penseli ya zambarau. Sikuhitaji taa. Nilijua ni ya kweli kwa sababu utotoni niliwahi kuishika nyingine kama hiyo. Nikatoka nje nikakaa barazani. Ng'ambo ya ua, bibi yangu alikuwa anaota jua, mikono yake ameificha ndani ya kitenge kama kawaida yake. Na ninaposema kama kawaida yake, mkosaji ni mimi.

Sasa nikueleze jambo ambalo siwezi kulitundika ukutani.

Nililelewa na bibi, katika nyumba ya udongo chini kidogo ya misheni. Asubuhi za kwetu zilikuwa za ukungu na baridi, na jambo la kwanza nililolisikia kabla ya kengele ya kanisa ni randa ya Bruda. Huyu Bruda alikuwa mtawa Mwitaliano, seremala wa misheni, mzee mwenye mikono mipana kama makoleo. Mwaka ninaokusimulia, milima yetu ilijaa maturubai ya bluu ya wakimbizi, naye alitengeneza milango, vitanda na majeneza bila kupumzika, na randa yake haikunyamaza mpaka maharage ya mchana yalipoiva.

Bibi alifua nguo za misheni. Kazi yake kubwa, ile iliyomfanya atembee shingo juu, ilikuwa vitambaa vya altare. Si kila mtu aliyepewa. Vilikuwa na sheria zake: beseni lake halikutumika kwa kitu kingine, na maji ya kwanza hayakumwagwa njiani watu wakayakanyaga, yalimwagwa taratibu chini ya maua. Nyumba yetu ilinuka sabuni, mkaa wa pasi na ndizi zinazochemka pamoja na maharage. Bibi alikuwa na msemo wake: "Nguo nyeupe haina rafiki." Alisema hivyo akinifukuza nisiguse kamba ya kuanikia.

Bruda alikuwa na leso ya kijani. Aliivaa mara moja kwa mwaka, mwezi wa nne, kwenye misa ya asubuhi aliyoiomba kwa ajili ya wenzake waliokufa vitani. Wakati wa ujana wake alikuwa mmoja wa wale vijana wa milimani. Vita vilipokaribia kwisha, wenzake wanane waliandika majina yao kwa penseli ya zambarau kwenye leso yake, na siku chache baadaye wote wanane wakauawa kwenye daraja. Baada ya misa alimpa bibi leso hiyo pamoja na vitambaa vya altare, akimwambia kila mwaka maneno yaleyale: "Mama, hii hapana kufua. Pasi tu, tena pole pole."

Mwaka huo misa yake iliangukia wiki ambayo Mwenge wa Uhuru ulikuwa unapita kwetu. Shuleni tulikuwa tumekaririshwa nyimbo mpaka sauti zikakauka. Mwalimu akatangaza kwamba skauti watasimama mstari wa mbele, na skauti bila skafu si skauti, ni mtu anayepita. "Wewe," akaniambia, "kama huna skafu utakaa nyuma na wabeba maji." Wenzangu wakacheka. Mmoja akasema, "Akae jikoni na bibi yake, wapige pasi." Nilikuwa na umri wa miaka kumi na moja, na kwangu hapakuwa na aibu kubwa kuliko ile. Sikuwa bado nimejua aibu.

Asubuhi ya siku ya Mwenge bibi alikwenda shambani. Kikapu cha nguo za misheni kilikuwa juu ya kabati. Niliitoa leso, nikaikunja majina yakiwa ndani, nikaifunga shingoni. Nikawaambia wenzangu nimeletewa na mjomba kutoka Nyabusozi. Nilipendeza, rafiki yangu. Hata mwalimu aliniangalia mara mbili.

Lakini kabla ya Mwenge kufika tuliamriwa kupamba barabara. Kwetu mgeni mkubwa akija, barabara hupambwa kwa migomba: inakatwa shinani, inabebwa begani, inasimikwa pande zote mbili kama imeota hapo. Nilibeba miwili. Kila aliyekulia kwenye ndizi anajua utomvu wa mgomba: unadondoka kama maji, na ukikauka unakuwa doa jeusi ambalo hata mamako hawezi kulitoa. Tulipomaliza, leso ilikuwa na doa kubwa kama kiganja changu.

Nilirudi mbio. Uani palikuwa na beseni la vitambaa vya altare, ambavyo bibi alikuwa amevilowesha kwenye dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Akili yangu ikaniambia: dawa inayoondoa divai itashindwa na utomvu? Nikaichomeka leso katikati ya vile vitambaa, chini kabisa, nikipanga kuitoa baada ya dakika chache. Hapo ngoma zikasikika barabarani. Nikakimbia kuuona Mwenge, na furaha ya siku hiyo ikaniondolea leso kichwani mpaka nikalala.

Asubuhi niliamshwa na ukimya. Bibi hakuwa akiimba. Alikuwa amechuchumaa kwenye maua, maji ya kwanza ameshayamwaga kama sheria ilivyotaka, na mikononi ameshika kitambaa chenye rangi ya nyasi zilizokauka. Udongo chini ya maua ulikuwa na alama ya zambarau, ikififia. Utomvu ulibaki. Majina yaliondoka.

"Nimeichanganya mwenyewe," alisema, na hakuwa akisema na mimi. "Nimevitoa pamoja kwenye kikapu, sikuangalia." Lile doa jeusi alilidhania ni kutu ya beseni.

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Ilikuwa sentensi moja tu, fupi. Nimejifunza lugha tatu tangu siku ile, na bado sijui kwa nini sikuweza kuisema kwa ile tuliyoongea nyumbani.

Nilimfuata bibi mpaka karakana ya Bruda. Alipiga magoti kwenye vumbi la mbao. "Bruda, nimeua leso yako." Yule mzee hakupaza sauti. Aliipeleka dirishani, akaishika dhidi ya mwanga, akapitisha kidole pale palipokuwa na majina kama kipofu anayetafuta mlango. Kisha akamwinua bibi, akamwambia, "Hapana neno, mama, hapana neno." Bibi alipoondoka, mimi nilibaki nyuma ya rundo la mbao. Nilimwona Bruda akichukua penseli ya useremala na ubao aliokuwa ameupiga randa. Akaandika jina. Akaandika la pili. Aliandika matano bila kusita. La sita aliandika herufi moja, akaitazama muda mrefu, akaifuta kwa kidole gumba, akaandika nyingine. Halafu akaweka penseli chini, na randa haikusikika tena siku hiyo.

Bruda alisamehe, ila misheni ina watu wengi. Vitambaa vya altare alipewa mke wa katekista. Kisimani wanawake wakapata cha kuchekea: "Mpelekee nguo zako, atakurudishia bila jina." Bibi alicheka nao. Lakini hakufua tena kitu cheupe. Hata shati langu la shule alimpa jirani, akisema mikono yake imezeeka, haiaminiki. Alikuwa bado hajafika miaka hamsini na mitano.

Na mimi? Mimi nilikwenda karakana kila Jumamosi kumshikia Bruda mbao, akanifundisha Kiitaliano pamoja na useremala. Baadaye ndiye aliyeniandikia barua ya kwenda kusoma kwao. Nilipanda ndege kwa fadhili za mtu niliyemfutia marafiki zake. Alikufa nikiwa kule, mwaka wa pili. Sasa unajua kwa nini nilijifunza nguo zile kwa bidii iliyowashangaza walimu wangu. Wao walidhani ni kipaji.

Jumamosi ile, siku mbili baada ya kifurushi, nilikuwa nimewaita wote walionikopesha nilipoondoka. Nilifunga turubai, nikakodi spika. Mjomba wa Nyabusozi aliwahi kuuza fahali wake kwa ajili yangu. Nilimkabidhi fahali mkubwa zaidi, mwenye utepe shingoni. Aliyenipa magunia mawili ya kahawa alirudishiwa mawili na la tatu la heshima. Mmoja mmoja niliwaita kwa kipaza sauti, nao wakapokea wakipigiwa makofi. Sitakudanganya, nilijisikia mfalme. Mwenye duka, ambaye hakunikopesha hata kiberiti, alikuja kula, nami nilimkalisha mahali ambapo angeona kila kitu.

Ndipo jirani yetu wa ulimi wa pilipili, mzee sasa, akasimama na fimbo yake. "Mjukuu amelipa, nakiri. Imebaki bibi alipe leso ya Bruda, tumalize."

Watu walicheka. Haikuwa chuki, ulikuwa utani wa miaka mingi. Bibi, aliyeujua utani ule hata bila kuusikia, naye alicheka, akaingiza mikono ndani ya kitenge.

"Leso ile niliiharibu mimi," nilisema kwenye kipaza sauti.

"Wewe ulikuwa mtoto, unajua nini," alisema jirani.

Nikawaeleza yote: kikapu, skafu, migomba, beseni. Nilipomaliza, aliyekuwa bado anatafuna ni fahali peke yake. Bibi alikuwa akitutazama tu, kwa sababu masikio yake yamechoka. Jirani aliketi polepole karibu naye, akamwinamia sikioni, akapaza sauti kwa Kihangaza cha kwetu, na sauti yake ilikuwa haina pilipili tena. "Anasema ni yeye. Anasema wewe hukukosea."

Bibi alitoa mikono yake. Aliitazama kwa juu, akaigeuza, akaitazama viganja.

"Kwa hiyo sikuichanganya."

"Hukuichanganya, bibi," nilimwambia sikioni.

"Na nilipompigia magoti ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Bruda amekufa akijua ni mimi."

Nilizima kipaza sauti nilichokuwa bado nimekishika.

"Haya," alisema. "Wape watu chakula, kinapoa."

Niliwapakulia kwa mikono yangu, sahani kwa sahani. Walikula, wakaaga, kila mtu akaondoka na chake, na leo hakuna mtu Kanazi wala Nyabusozi anayenidai. Karakana ya Bruda sasa ni stoo ya saruji, na ule ubao haukuonekana tena. Yale majina manane nimeyatafuta. Nimewaandikia wazee wote ninaowafahamu kule, na wote wananiuliza swali moja: ni akina nani? Naweza kuwaambia kitambaa, rangi, aina ya penseli.

Kesho yake asubuhi nilimwamkia bibi shikamoo. Aliitikia marahaba. Kisha, tofauti na siku zote, hakuniuliza nimelalaje.