Uwanja Mtupu wa Koboko

Kazi yangu ukiitaja kwenye arusi, watu wanageuka kutafuta soda. Nasimamia ruzuku za serikali za kutunza ardhi na viwanja vya wazi, kuanzia Arua hadi Koboko: kingo za vijito, vilima vinavyomalizwa miti, mahali ambapo watu wanacheza na kupumzika bila kulipa chochote. Ofisini wananiita mama majani. Waniite watakavyo. Mimi kazi hii naipenda mno, na siku ninayotaka kuisimulia niliipenda kuliko siku zote.

Uwanja wenyewe uko ukingoni mwa mji wa Koboko, juu ya kijito. Waendesha boda wana ligi yao hapo kila jioni. Sikukuu ikifika, shangazi zangu na wenzao wanavaa nguo zao za kujifunga za gurbaba na kupiga ngoma ya doluka hapo hapo, vumbi linatimka hadi barabarani. Chini, kwenye kijito, wafyatua matofali walikuwa wamechimba udongo hadi maji yakawa na rangi ya chai ya maziwa. Niliomba ruzuku kwa vyote viwili: uwanja ubaki wa watu wote, na ukingo upandwe miti na kuachwa upumue.

Ila sikuwa peke yangu niliyeutaka uwanja huo. Mfanyabiashara mmoja alikuwa ameomba eneo lile lile ajenge stoo za mizigo inayovuka mpaka kwenda Sudan Kusini, na baraza la mji lilikuwa limeniambia waziwazi kwamba ruzuku ikitoka uwanja utabaki, isipotoka atapewa yeye. Hata hakungoja jibu. Alikuwa ameshamwaga lori la mawe karibu na goli, na kila nilipoyaona damu ilinichemka.

Kilichobaki ni mkaguzi kutoka Kampala aje aone kwa macho yake. Sharti lilikuwa moja tu: eneo liwe linatumiwa na watu siku za kawaida, si siku za sherehe peke yake. Nilicheka niliposikia. Njoo jioni yoyote, nilisema, utakosa pa kukanyaga. Kisha ratiba ikaja: mkaguzi atafika katikati ya Ramadhani, saa saba mchana, na jioni apande basi la kurudi. Niliomba wabadilishe saa, wakajibu mambo yameshapangwa. Aliyepanga, naapa, hajawahi kufunga hata nusu siku.

Nilimchukua asubuhi pale Awindiri, mjini Arua, karibu na kwetu. Alikuwa mwanaume wa makamo, mpole, na Kiswahili alikijua vizuri kwa sababu alikulia kambini, baba yake akiwa askari. Mkononi alikuwa na chupa ya maji baridi, imeloa kwa nje, akawa anapiga funda moja moja njia nzima hadi tukapita Maracha. Hakujua kuwa nimefunga, nami sikumwambia, nisije nikaonekana natafuta huruma. Niliongea bila kupumua. Nilimweleza juu ya ligi, doluka, kijito na miti niliyoichagua, na alipofumbua kinywa kuuliza jambo nilikuwa nimeshalijibu.

Tukafika. Uwanja ulikuwa mweupe kwa jua, hakuna mtu. Hata mbuzi hakuwepo.

Mkaguzi alitembea hadi katikati, akageuka huku na huku, akaniuliza watu wako wapi. Nikamweleza habari ya mfungo. Akaitikia kwa adabu, kisha akasema kwamba njiani ameona makanisa mengi, na kwamba mji huu, kwa alivyosikia, umejaa watu wa Sudan Kusini, wakimbizi na wafanyabiashara, wengi wao Wakristo. Hao nao wako wapi? Swali lilikuwa la haki kabisa. Mimi huwa nakuja pale jioni tu, baada ya kazi; ya mchana sikuyajua. Niliyatazama yale mawe karibu na goli, nikayaona tayari yamekuwa ukuta.

Nikasogea pembeni nikampigia simu kapteni wa timu ya waendesha boda. Ni kijana wa Sudan Kusini aliyeletwa Koboko akiwa mgongoni mwa mama yake, Mkristo, mwendesha boda, na hakuna anayeupenda uwanja ule kumzidi. Nikamwomba akusanye wenzake wasiofunga, waje na mpira, wacheze kidogo tu mkaguzi awaone. Akasema anakuja. Moyo uliniruka, na nikarudi kwa mgeni nikitabasamu kama niliyeokota kitu.

Alikuja peke yake. Hakuwa na mpira. Aliegesha pikipiki, akatusalimu wote wawili, akasimama mbele yangu akiwa ameshika kofia ya chuma kwa mikono miwili.

"Sista, mimi nakuheshimu," akasema. "Lakini mchana sisi hapana cheza. Nusu ya timu iko na saumu."

"Wewe hujafunga," nikamwambia, na sauti yangu ilikuwa imeshapanda. "Wenzako wa kanisani hawajafunga. Leteni hao."

"Sisi nacheza, nasikia kiu, nakunywa maji mbele yao? Wao iko pale, naangalia." Akaonyesha kwa kidevu steji ya boda ng'ambo ya barabara. Kweli, wanaume walikuwa wamekaa juu ya pikipiki zao kivulini, wenye kofia za kufumwa na wenye misalaba shingoni, bega kwa bega. "Kama wao hapana cheza, sisi pia hapana cheza. Timu iko moja."

Nilitaka kumkaba. Nilimkumbusha stoo, nikamkumbusha mawe, nikamwambia kwamba leo ikipita hivi hivi atatafuta pa kucheza hadi azeeke. Akasema anajua yote hayo, na kwamba uwanja ukienda yeye ndiye atakayelia kwanza. Machozi yalikuwa yameanza kumlengalenga. Lakini hakusogea hata hatua moja kwenda kuwaita.

Mkaguzi akasogea karibu na kapteni. Akamuuliza nani alitoa amri hiyo.

"Hapana mutu alitoa," kapteni akajibu. "Ramadhani ile ya kwanza sisi tulikaa tu na wao. Sasa iko hivyo."

Mkaguzi akaitazama chupa mkononi mwake. Kisha akanitazama mimi, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nami nimefunga. Nikaitikia kwa kichwa. Akarudi kwenye gari, akaisukuma chupa chini ya kiti, akafunga mlango. Alipotufikia tena alimuuliza kapteni wanacheza saa ngapi, akaambiwa saa kumi na moja wanacheza kidogo, halafu futari ni pale pale. Akatoa simu akaahirisha basi lake. Mimi niligeukia upande wa kijito ili asinione ninavyocheka peke yangu.

Mchana ule tulitembea ukingo wote, nikamwonyesha kila shimo la udongo na kila mahali nilipotaka mti. Jioni ilipoingia wakaja, wengi, pikipiki zikajaa mpaka kwenye yale mawe. Kofia za kufumwa zilitundikwa kwenye mlingoti wa goli. Shangazi zangu walifika na masufuria ya uji, tende na kisra, mikate myembamba ya mtama iliyokunjwa vizuri. Mpira ulichezwa kwa kelele na ubishi, na adhana ilipoita ukaachwa unabingirika wenyewe, kila mtu akaketi alipokuwa. Wakristo ndio waliomimina uji. Kapteni alimpelekea mkaguzi kikombe cha kwanza cha maji, kwa kuwa midomo yake ilikuwa imekauka kabisa, na akakinywa chote bila kupumzika.

Ruzuku ilitoka. Mawe yaliondolewa, na kijito kimeanza kurudisha rangi yake.

Ramadhani ya mwaka huu nilimpeleka bosi wangu mpya Koboko. Tulichelewa kutoka Arua tukafika jua likiwa utosini. Alishuka na chupa yake ya maji, akautazama uwanja usio na mtu, kisha akaniuliza kwa upole kama mradi huu ulishindwa. Nilitazama ng'ambo. Walikuwepo wote pale steji, waliofunga na wasiofunga, wamekaa. Nilifurahi mno. Nikamwomba airudishe chupa ndani ya gari, aje tukae, tungoje.