Mkono wa Mama Usiokunjika

Mama alipata ki siku ya kwanza. Mimi nilikuwa na karibu mwaka mzima nikifanya mazoezi, na nilichokuwa nimepata ni maumivu ya magoti.

Ki ni ile nguvu ya ndani ambayo watu wa aikido, ule mchezo wa kujihami wa Kijapani, huizungumzia kama wengine wanavyozungumzia umeme: huioni, lakini taa inawaka. Mwalimu wetu alisema inakaa chini kidogo ya kitovu, na pumzi ndiyo inayoiamsha. Aliyeipata hachoki haraka, hasukumiki ovyo, damu yake inatembea vizuri na usingizi wake ni mzito. Hiyo ya usingizi ndiyo iliyonivuta. Tangu nimalize chuo kikuu moyo wangu ulikuwa umeanza kukimbia bila sababu. Ningekuwa nimeketi nikisubiri chai ipoe, mara moyo unaondoka kama mtu aliyesikia anaitwa nje. Daktari alinipima akasema moyo wangu ni mzima kabisa. Badala ya kufurahi, nikaanza kujiuliza kwa nini moyo mzima unafanya hivyo, na kama mashine yake si mbovu. Muuguzi aliyekuwa akikunja waya za mashine akaniambia, "Tafuta sport, dada. Ile ya kutoka jasho."

Ndipo nikafika mtaa wa Nyakabiga, kwenye ukumbi wa shule moja ambao jioni madawati yake husukumwa ukutani, na sakafuni hutandikwa magodoro membamba yaliyoshonewa turubai. Tunayaita tatami, kama mikeka ya Kijapani, kwa heshima. Mwalimu, ambaye sote humwita Sensei, ni mtu mfupi wa makamo aliyejifunza aikido Bukavu akiwa kijana na ambaye mchana huuza vipuri vya pikipiki. Wanafunzi ni mchanganyiko: madereva wa teksi, wanafunzi wa sekondari, walinzi, na mimi na shahada yangu isiyo na kazi.

Jaribio la ki ni rahisi kulieleza. Unanyoosha mkono mbele. Mwenzako anakushika kifundo kwa mkono mmoja, na kwa mwingine anabonyeza ndani ya kiwiko, akijaribu kuukunja mkono wako uelekee begani. Ukikaza misuli, unakunjika. Ukilegea, unakunjika pia. Unatakiwa uvute pumzi, uitoe polepole, na uwaze kwamba mkono wako ni mpira wa kumwagilia bustani: maji yanatoka kwenye vidole, yanapita ukutani, yanakwenda mpaka ziwani. Mimi nilikuwa nikiwaza: ziwani sehemu gani, bandarini au ufukweni Kajaga? Na yakishafika, yanasimama au yanaendelea? Kabla sijapata jibu mkono wangu ulikuwa umeshakunjwa.

Mama alikuja siku moja kuona ni watu gani hao wanaomrusha binti yake chini kila jioni. Mama anauza vitenge mtaani Bwiza, na hajazoea kuambiwa jambo bila kulikagua mwenyewe, kama anavyokagua kitambaa kwa kukivuta pembe. Aliketi kwenye dawati akiwa amefunga ushungi wake vizuri, mkoba magotini. Sensei akamsalimia kwa mikono miwili, kisha akamwuliza kama angependa kujaribu.

"Mi niko muzee, Sensei. Niko na tansiyo, damu inapanda."

"Ndiyo muzuri zaidi, Mama. Hii haitaki nguvu. Inataka pumzi tu."

Mama akavua viatu, akapanda kwenye magodoro. Akasikiliza maelezo ya maji na mpira. Akavuta pumzi kutoka tumboni, akaitoa kidogo kidogo kupitia midomo iliyobana, na ndiyo kwanza nikagundua kwamba anajua kupumua. Dereva wa teksi mmoja mwenye shingo pana akaushika mkono wake akajaribu kuukunja. Haukukunjika. Akaja wa pili. Mama akawa anatazama ukutani kama anayesubiri mteja aamue.

"Hii si ni ile ya kuzaa?" akamwambia Sensei. "Hii naijua. Huyu hapa ndiye alinifundisha," na akanionyesha kwa kidevu.

Ukumbi mzima ukacheka. Mimi pia nilicheka, lakini kicheko changu kilitoka kikiwa kimechelewa.

Tangu siku hiyo akawa anakuja nami, suruali ndefu chini ya gauni, na juu kimono, lile koti jeupe la mazoezi. Walimwita Mama Ki. Dukani kwake wateja walianza kumnyooshea mikono badala ya kuuliza bei. Jirani anayeuza viatu alikuja kuwekewa viganja mgongoni, akasema amesikia joto limeshuka mpaka kiunoni. Nyumbani, Mama akipika, nilimwona akisimama mbele ya jiko na kuvuta zile pumzi zake ndefu, uso umetulia kama wa mtu anayesikiliza habari njema. Nilimchukia kwa dakika hizo. Sina neno lingine. Mimi ndiye niliyekipeleka kile kitu nyumbani, mimi ndiye mgonjwa, mimi ndiye niliyesoma kurasa na kurasa kwenye simu kuhusu pumzi na mishipa ya fahamu, na yeye ndiye aliyekuwa akilala fofofo upande wa pili wa pazia huku mimi nikihesabu mapigo.

Kibaya zaidi, Sensei alinirekebisha kwa kumtumia yeye. "Tazama Mama yako anavyosimama." "Sikiliza Mama yako anavyopumua." Alisema kwa wema, na ndiyo maana sikuwa na pa kukasirikia.

Kisha nikaona dawa. Mimi ndiye ninayemnunulia vidonge vya tansiyo, na huvihifadhi kabatini nyuma ya vikombe. Mwezi ulikuwa unakwisha, lakini karatasi ya vidonge ilikuwa karibu nzima. Nilimwonyesha akiwa anakunja vitenge kitandani.

"Mama, hunywi dawa?"

"Sasa ya nini? Siko mugonjwa tena. Ki inatembeza damu, Sensei alisema. Kichwa hakiumi, nalala muzuri."

"Alisema uache dawa?"

"Apana. Lakini mi naujua mwili wangu."

Nikamweleza yote niliyoyasoma: kwamba tansiyo haiumi mpaka siku inapoangusha mtu, kwamba kujisikia vizuri si kipimo. Nilimwomba twende famasi akapimwe. Nilisema kwa sauti ya kupanda, nadhani. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akilinganisha pembe za kitenge, kisha akasema bila ukali wowote:

"Famasi sina cha kufuata. We unaona wivu, mutoto wangu."

Ilikuwa kweli, na vidonge navyo vilikuwa kweli. Siku zile nilitembea Bwiza na Nyakabiga nikijaribu kutenganisha vitu hivyo viwili. Nikimwambia Sensei, nitakuwa nimefanya hivyo ili Mama aondolewe pale, niwe peke yangu. Nisipomwambia, na Mama akaanguka, nitakuwa nimenyamaza ili nisionekane mwenye wivu. Kila upande ulikuwa na mimi ndani yake.

Ndipo nikapata wazo ambalo niliona ni la kisomi. Niliwaza: nani kwa kweli amewahi kuukunja mkono wa Mama kwa nguvu zake zote? Wale vijana wanamwamkia kwa heshima, wanambebea mkoba. Katika mji wetu, kijana gani atamkunja mama wa watu mbele za watu? Bila shaka wanasukuma kidogo, wanakunja uso, wanaacha. Ki ya Mama ilikuwa adabu ya wengine tu. Mtu akiusukuma kweli, utakunjika, naye atajua kwamba hana kinga yoyote, na atarudi kwenye vidonge vyake. Na mtu huyo ni mimi. Wazo hili lilinipa furaha ambayo ingepaswa kunitia shaka.

Jioni ile niliomba mwenyewe kufanya naye. Mama alifurahi. Alinyoosha mkono wake akanitabasamia kama ananipa kitu.

Nilisukuma. Kwanza kwa mikono, kisha kwa bega, kisha kwa uzito wangu wote, mpaka miguu ikaanza kuteleza kwenye turubai. Haukukunjika. Niliusikia mkono ulivyo: haukuwa mgumu, ulikuwa hai, laini juu, na ndani yake kulikuwa na kitu kilichokuwa kinaelekea mbele na hakikunijali. Watu wengine waliacha mazoezi yao. Walikuwa wameona kwamba simjaribu Mama, ninapigana naye.

"Eh, dada," akasema yule dereva mwenye shingo pana. "Huyo ni Mama yako, si gari imezimika."

Wachache wakacheka. Sikuacha. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umekamata kifundo chake, na hapo chini ya vidole vyangu nikausikia mshipa wake ukigonga, haraka na kwa nguvu, mdundo wa haraka ninaoujua vizuri kwa sababu ni wangu wa kila siku. Nikaachia. Mama akashusha mkono polepole, bado anatabasamu, kisha akapeleka kiganja kisogoni akakibana pale, macho yamefumba. Nilikijua kitendo kile. Ndivyo alivyokuwa akifanya kila mara kabla daktari hajamwandikia dawa.

"Sensei," nikasema, na sauti yangu ilijaa ukumbi, "Mama ameacha dawa za tansiyo. Hanywi."

Mama alifumbua macho akanitazama mimi, si Sensei.

"Ni kweli, Mama?" akauliza Sensei.

"Si ulisema mwenyewe ki inatembeza damu?"

"Nilisema inatembeza. Sikusema ilisomea udaktari." Hakuna aliyecheka, naye hakusubiri wacheke. Alimshika Mama kiwiko akamsaidia kuketi kwenye dawati, akaomba maji. Kisha akasema kwa upole uleule ambao ulikuwa ukinikera, "Utaninyima usingizi, Mama. Hutapanda hapa tena mpaka unywe dawa, na mpaka muuguzi akupime aseme uko sawa. Nakuomba usinikasirikie."

Mama alivaa viatu vyake. Alipokuwa anapita karibu nami akauliza, kwa sauti ya chini ambayo watu wote waliisikia, "Umefurahi?"

Nilikuwa nimefurahi. Si sana, na si hilo tu, lakini nilikuwa nimefurahi, na moyo ulinikimbia mpaka tukafika nyumbani, kila mmoja kwenye upande wake wa barabara.

Siku zilizofuata nilikwenda mazoezini peke yangu. Nilikuwa nimepata nilichokitaka: hakuna wa kulinganishwa naye. Lakini kila aliyeingia aliuliza, "Mama Ki iko wapi leo? Anaendelea je?" na walipoketi kupumua walikuwa wanamwacha nafasi yake, godoro moja tupu kando ya ukuta. Nilijaribu kuyapeleka maji ziwani. Yaliishia kwenye godoro lile.

Nyumbani, Mama alikuwa anakunywa dawa mbele yangu kila asubuhi. Alikiweka kidonge kwenye ulimi, akakisukuma kwa maji, kisha akafungua kinywa kunionyesha kuwa hakuna kitu, kama mtoto aliyelazimishwa. Hakunisemesha mambo mengine isipokuwa ya chumvi na mkaa. Nilistahimili. Nilijiambia kwamba huu ndio uso wa mtu anayekunywa dawa zake, na huo unanitosha.

Siku ya kwenda kupimwa famasi aliniruhusu nimsindikize. Muuguzi, binti wa umri wangu mwenye kucha fupi safi, alimfunga ule mkanda mkononi, akaubinya mpira, akatazama, akafungua, akafunga tena kuhakikisha. Nilisimama nyuma nikitazama uso wake badala ya mashine.

"Imeshuka, Mama," akasema. "Imeshuka muzuri kabisa. Umefanya nini?"

Nilisubiri. Nilikuwa nimenunua vidonge vile, nimesimama mbele ya kinywa kile kila asubuhi, nimeaibishwa mbele ya madereva.

"Ki," akasema Mama.

"Ki ni nini?"

Mama akamwambia anyooshe mkono. Binti akanyoosha. Na pale kwenye famasi, kati ya mizani na rafu ya maziwa ya watoto, Mama akaanza kumfundisha kupumua, akamweleza maji na ziwa, huku wateja wawili nyuma yetu wakisogea wasikie. Binti aliuliza mazoezi ni wapi na siku gani. Mimi nilikwenda kwenye dirisha la dawa nikanunua karatasi nyingine ya vidonge, nikaiweka kwenye mkoba wa Mama, ndani kabisa, chini ya miwani yake.

Tulirudi kwa miguu. Karibu na nyumbani akasema, akitazama mbele, "Kesho nitakunywa mwenyewe. Usinisimamie kama askari."

"Utakunywa?"

"Nimesema nitakunywa."

Nikakubali. Asubuhi yake nilibaki kitandani, upande wangu wa pazia, nisimtazame. Nilisikiliza. Kabati likafunguliwa, vikombe vikasogezwa. Nikasikia kidonge kikichomoka kwenye karatasi yake, maji yakimiminwa, kikombe kikiwekwa chini. Nilishusha mabega. Kisha, kabla hajawasha jiko, akavuta pumzi moja ndefu kutoka tumboni na kuitoa polepole, isiyo na haraka wala kikwazo, na mimi nikailaza mikono juu ya tumbo langu nikajaribu kuifuata, ikanishinda nusu ya njia.