Vidonge vya Mtoto Mmoja

Tarehe kumi na mbili Novemba, Jumapili. Mvua ilitukuta bado kanisani na mpaka sasa haijakoma. Inapiga mabati kiasi kwamba ukitaka kusema na mtu wa chumba cha pili inabidi umfuate. Ndizi ambazo zingepelekwa sokoni Kamembe jana zimebaki ndani na zimeiva zote kwa pamoja, nyumba nzima inanuka ndizi mbivu. Harufu hiyo siipendi. Binti yangu Aline ana malaria tangu katikati ya juma, na jioni hii ndiyo anamaliza vidonge vyake. Mimi si mtu wa kuandika mambo marefu, shule niliiacha mapema, na katika daftari hili huwa naandika hali ya hewa, nani kapita kutusalimu, tumekula nini. Leo najaribu kuandika habari ya mdogo wangu Désiré. Sina hakika kama nakumbuka sawasawa, na pale ambapo sina hakika nitasema.

Tulikuwa tumerudi kutoka Kongo, mimi, mama na Désiré. Nasema kurudi kwa sababu ndivyo watu wazima walivyosema, lakini sisi watoto tulizaliwa kule, Rwanda tulikuwa tunaiona kwa mara ya kwanza. Baba alibaki ng'ambo kushughulikia vitu vyetu, vita vikaanza tena, na habari zake zikakatika. Tulikaa katika nyumba ya udongo kwenye mteremko chini ya uwanja wa ndege, ndege za jeshi zikitua na kuruka karibu na paa, na mlangoni kwetu ukisimama unaiona Bukavu yote ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, nyumba zake zikishuka mpaka majini, karibu kama vile ungeweza kumwita mtu. Usiku mwingine tulisikia bunduki za kule. Njiani mama alikuwa ameshika desturi moja: kila kitu kiligawanywa. Kipande cha sabuni alikikata kwa uzi, kiazi alikikata kwa uzi, kisha anatupanga mimi na Désiré mbele yake ili tuone kwamba vipande viko sawa. Mkubwa hapati zaidi, mdogo hapendelewi. Naamini kwamba desturi hiyo ndiyo iliyotufikisha hai. Wengine waliokuwa na chakula kingi kuliko sisi waligombana nacho njiani wakaachana.

Mimi ndiye niliyeanza kuumwa. Nakumbuka baridi, meno yakigongana kwenye jua, na mgongo wa mama ukinuka moshi. Kwenye kituo cha afya walinitoboa kidole, wakatuweka kwenye benchi pamoja na akina mama wengi, kisha muuguzi mmoja mwanamke mnene mwenye sauti ya kuchoka akatuita. Alimpa mama vidonge vya kinini katika mfuko mdogo, akamwelekeza polepole, kwa Kiswahili chetu. "Maman, sikiliza muzuri. Izi ni za huyu mutoto. Ale kwanza, ndio ameze. Akitapika, umurudishe hapa. Masikio itamulilia kama nyuki, usiogope. Na hata akianza kucheza, usiache. Mpaka ziishe." Mama akamrudishia maneno yote, neno kwa neno, na muuguzi akacheka kidogo: "Eh, wewe ungekuwa mwalimu." Naliandika hili kwa sababu baadaye watu walisema mama hakuelewa. Alielewa.

Saa hatukuwa nayo. Mama alifuata adhana ya msikiti wa Kamembe, iliyotufikia vizuri upepo ukiwa upande wetu: alfajiri kidonge, alasiri kidonge, na adhana ya mwisho ya usiku kidonge. Upepo ukigeuka, alinituma kwa jirani yetu Mama Zaituni, ambaye mume wake alikuwa fundi wa kushona, nimuulize kama wameshasali. Mama Zaituni alikuja mwenyewe akasimama mlangoni, mikono kiunoni, akimwita mama kwa jina langu. "Maman Solange, siku hizi unaamuka na adhana kunishinda miye! Shehe akijua atakuletea mukeka." Mama alicheka mpaka akafunika mdomo. Ni kicheko cha mwisho cha mama ninachokikumbuka nikiwa mtoto, ingawa labda alicheka tena na mimi sikuwepo. Kinini ilikuwa chungu mpaka puani, na masikio yalilia kweli kama alivyosema muuguzi, nyuki wengi ndani ya chungu. Lakini homa ilishuka. Nikaomba chakula. Nikatoka nje.

Vidonge vilikuwa vimebaki zaidi ya nusu pale Désiré alipokaa mlangoni, kwenye jua kali, na kusema anasikia baridi. Alikuwa na miaka minne, labda mitano. Mama alimshika shingo, akanitazama mimi niliyekuwa naruka kamba. Kisha akaleta ule mfuko. Mama Zaituni, aliyekuwa amekuja kuomba moto, aliona akataka kumzuia.

"Huyu hawajamupima, Maman Solange. Mubebe umupeleke."

"Mbu iko moja, nyumba iko moja, homa iko moja. Dawa itakuwa ingine?"

"Hizo walipimia Solange."

"Miye najua. Lakini uliona ile benchi? Bamaman bamejaa mpaka nje. Sisi fungu yetu tulishapata. Nikirudi nitanyang'anya mutoto wa muntu."

Mama Zaituni alisema Mungu atusaidie, akachukua moto wake. Mama akakata vidonge kwa wembe. Kilichokatwa ni kichungu kuliko kizima, kwa hiyo nusu ya Désiré aliiponda ndani ya ndizi mbivu na kumlisha kwa kidole. "Maman, ndizi imeoza!" alilia, na kuitema, na mama akaikusanya kidevuni na kuirudisha mdomoni. Kiasi gani kilifika tumboni hakuna anayejua. Mimi nilipewa nusu yangu, na tuliwekwa mbele yake kama kawaida, tuone kwamba vipande viko sawa. Tena nusu ile ilikuwa ndogo mno kwangu na labda kubwa mno kwake, jambo ambalo mama hakuwa na namna ya kulijua, na mimi nimelijua nikiwa mtu mzima.

Ilionekana imefaulu. Désiré alishuka kitandani akakimbia uani akiwa amenyoosha mikono kama ndege za jeshi, akitua juu ya kuku. Mama alifua, akaimba. Halafu homa ikarudi kwetu sote wawili, yangu kwanza usingizini, yake asubuhi, na ya kwake haikuwa kama ya kwanza. Macho yalipanda juu, mwili ukakaza. Mama alimfunga mgongoni, mimi nikashika ncha ya kitenge chake nikifuata, tukipanda njia ya matope, magari ya kwenda mpakani yakitupita. Mara mbili nilikaa chini. Mara mbili alisimama kunisubiri, na hakunifokea. Sijui angefika mapema kiasi gani bila mimi. Nimejiuliza hilo mara nyingi, na kusema kweli, yule muuguzi alituambia kwamba hata saa nzima isingebadilisha kitu, lakini pengine alisema hivyo kwa sababu nilikuwa nimesimama pale.

Kituoni walimtundikia maji. Muuguzi aliuona ule mfuko mtupu mkononi mwa mama, akauliza, na mama akamweleza yote, hata wembe. Hakuficha. Sauti ya muuguzi ilipanda: "Maman! Dawa ya muntu moja inagawanywa kama mukate?"

"Nilikuwa na batoto babili," mama alisema. "Ungetaka nimuache yupi?"

Muuguzi alivuta kiti. Alikaa karibu na Désiré, akimshika mkono, mpaka mchana ulipokuwa unakwisha, na Désiré naye akakata roho. Nilidhani amelala. Kisha muuguzi akaja na kikombe cha maji na kidonge changu, na mfuko mwingine mpya, akaanza maelekezo yake yaleyale, ale kwanza, usiache, mpaka ziishe. Mama akauliza kwa adabu kabisa, kama anayeuliza njia: "Hizi ni za huyu peke yake?"

"Za huyu peke yake, Maman."

Basi nikavimeza vyote. Adhana ilipolia nilimeza, masikio yakalia, nikamaliza mfuko mzima bila kubakisha, kwa kuwa hapakuwa tena na mtu wa kugawana naye. Nikapona. Dawa ile ilikuwa nzuri.

Nimejaribu kuwa mwadilifu kwa kila mmoja. Muuguzi alieleza vizuri. Mama Zaituni alionya. Mama alitenda kwa haki aliyoijua, ileile iliyotuvusha njia nzima tukiwa hai. Namtafuta mwenye kosa na simpati, na hilo halinipi nafuu yoyote. Ningempata labda ningekasirika, na hasira ina mwisho. Siku hizi mshauri wa afya anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Unampelekea mtoto, anamtoboa kidole palepale, anakupa pakiti ya mtoto huyo, na ukiwa na wa pili anapimwa naye anapewa yake. Watu husema tushukuru, nami nashukuru. Lakini nikishika ile pakiti nyepesi mkononi naona jinsi jambo lenyewe lilivyokuwa dogo, na moyo unaniuma kuliko zamani, nilipodhani kwamba kilichomchukua Désiré kilikuwa kitu kikubwa.

Jioni hii Aline alikataa kidonge cha mwisho. "Nimeshapona! Koko, mwambie mama nimepona!" akamkimbilia bibi yake, yaani mama yangu, ambaye tunaishi naye, na kujificha kwenye kitenge chake. Mama alimtoa taratibu, akafungua mlango akatoka kwenye mvua, akasimama kando ya ukuta wa jikoni akitupa mgongo. Sikumwita. Nilimlisha Aline kwanza, nikamshikia kikombe, akameza, nikamwambia afungue mdomo nione. Kisha nikaenda mlangoni nikasema, "Maman, amemaliza." Akaingia. Tumekula ugali wa muhogo na sambaza za kukaanga, wale samaki wadogo wa ziwani, na mboga ya lengalenga kidogo. Mama amekula na nguo zake zilizolowa, maji yakidondoka chini ya kiti, na hakuna kati yetu aliyemwambia abadilishe.