Keki ya Mawese Kule Buyenzi

Enzi zetu za vita, jamani, kitabu cha mapishi kilisomwa kama hadithi. Ulisoma siagi, ukasoma krimu, ukasoma jibini, ukafumba macho, basi umeshakula. Mama yangu alikuwa na viwili vya namna hiyo, vya Kifaransa, alivyopewa na masista waliomfundisha kupika kabla hajaolewa. Siku tuliyokimbia mtaa wetu wa Mutakura, wenzetu walibeba magodoro na sufuria. Mama alimfunga mdogo wangu Nadine mgongoni, akanishika mkono, akatia vitabu vyake kwenye mfuko wa plastiki. Baba yetu, Papa, aliyekuwa karani wa serikali, alisema atabaki siku mbili tatu kuangalia nyumba, kisha atatufuata.

Tulipokewa Buyenzi, mtaa mwingine wa mji uleule, na Mama Zubeda, mjane wa Kiislamu muuza vitambaa, rafiki wa Mama wa siku nyingi. Alitupa chumba cha uani. Ua ule naukumbuka kama ndoto ya mchana: moshi wa makaa, harufu ya mchaichai, adhana ikipita juu ya mabati, nasi watoto tunaruka kamba huku milima ya Kongo ikikaa buluu ng'ambo ya ziwa. Risasi zikilia kule milimani tulisimama, tukasikiliza, kisha tukaulizana zamu ilikuwa ya nani.

Nadine hakuruka. Alikuwa na miaka minne, na tangu tufike alikuwa hataki kula. Maziwa alikunywa kidogo, chai kidogo. Sahani ikiwekwa mbele yake alifunga mdomo, akatazama mlango. Siku ya tatu hata kusimama alisimama kwa kushika ukuta. Tuliogopa sana.

Mama aliamini mtoto amechoshwa na maharage. Akaketi na vitabu vyake, akigeuza kurasa polepole.

"Mama Odeta, we unasoma bado?" Mama Zubeda alimwambia. Odeta ndiye mimi. "Mutoto anakwisha!"

Basi Mama akapika krepu, zile chapati nyembamba za Kifaransa, kwa unga wa muhogo, zikaganda kwenye kikaango mpaka tukazikwangua kwa kisu. Akapika gratini ya ndizi, ile inayookwa na jibini juu. Jibini hakuna, akamwagia karanga za kusaga. Kitabu kilitaka oveni, yeye akafunika sufuria kwa kipande cha bati, akapanga makaa juu yake. Kila alipobadilisha kitu alisema, "Masista wanisamehe." Mimi na watoto wa uani tulilamba vidole. Nadine alitazama mlango.

Siku ya tano Mama alimfungulia picha achague mwenyewe. Nadine akaweka kidole kwenye keki. Ee Mungu wangu! Sukari wakati ule wa ambargo, nchi ikiwa imefungiwa biashara na majirani, ilikuwa imepotea madukani. Mama Zubeda akatoa kikombe kimoja alichokuwa amekificha kwa ajili ya Idi. Siagi haikuwepo, mawese yakaingia. Keki ilitoka nyekundu kama tofali, ikinukia mboga, lakini ilikuwa imeumuka vizuri, na sisi tulishangilia. Mama akampa Nadine kipande cha kwanza. Nadine akafunga mdomo.

Mama akakaa chini, akalia mbele yetu sote. "Mwanangu, unataka nikupikie nini tena?"

"Hii nitakula," Nadine akasema. "Lakini Papa hajapewa yake."

Kumbe! Nyumbani kwetu mtoto hakugusa chakula kabla baba hajapakuliwa. Mama mwenyewe ndiye aliyetufundisha, mara nyingine kwa kofi la mkononi. Mimi tulipofika Buyenzi niliisahau desturi hiyo kwa njaa. Nadine alikuwa akitii tu, nasi tukamhangaikia na mapishi ya Ulaya.

Mama akapangusa macho, akakata kipande kikubwa, akakiweka kwenye sahani pembeni, akakifunika. "Haya. Cha Papa hicho."

Nadine akala vipande vitatu, mawese yakimchirizika hadi kwenye viwiko.

"Alhamdulillah!" Mama Zubeda akasema. "Na mi munipe basi, ama sukari haikuwa yangu?"

Papa hakurudi. Mpaka leo hatujui alikozikwa.

Siku hizi wanangu wana oveni, na mapishi yote ya dunia yako kwenye simu. Chakula wanakipiga picha mpaka kinapoa, halafu kila mtu anakula kwa saa yake, amesimama mbele ya friji. Nikiwaambia wangojane wananicheka. Vitu vyote wanavyo, lakini meza yao naiona tupu.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwa Nadine, mtaani Kinindo. Watoto wake watatu walikuwa wamekaa mbele ya sahani tupu, mikono magotini, baba yao bado yuko njiani. Nikawahurumia. Nikamwambia awapakulie, chakula kitapoa.

"Waache wangoje, dada," akanijibu. "Hawa baba yao anarudi."